Tovuti unayoihifadhi nyumbani haifunguki: dalili, sababu na dawa yake

Mtu akisema "tovuti yangu imekufa", mara nyingi tovuti yenyewe ni nzima. Kilichokatika ni kitu kimoja kati ya vitano vinavyotegemeana: umeme, kompyuta inayohifadhi kurasa, ruta na laini ya intaneti, jina la domeni, na cheti cha usalama. Wengi hupoteza usiku mzima kwa sababu walianza kubadilisha mipangilio ya nginx, programu inayowapa wageni kurasa, wakati tatizo lilikuwa kwenye ruta, na asubuhi wakawa na matatizo mawili.

Mwongozo huu ni wa anayeendesha seva yake nyumbani Dar es Salaam, iwe Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, iliyokaa nyuma ya televisheni au laptopu ya zamani yenye skrini iliyopasuka, ikitumia Linux ya Debian au Ubuntu pamoja na nginx. Chini ya kila dalili, sababu zimepangwa kuanzia ile inayotokea mara nyingi zaidi.

## Kabla hujagusa kitu

Fanya vipimo viwili, dakika mbili tu. Kwanza, zima Wi-Fi kwenye simu, washa data, fungua tovuti kwa jina lake. Pili, rudi kwenye Wi-Fi ya nyumbani na uandike anwani ya ndani ya seva, mfano `http://192.168.1.50`. Ukurasa wowote utakaojibu, hata ule wa kukaribisha wa nginx, unahesabika kuwa jibu.

Kama kwa data haifunguki ila kwa anwani ya ndani inafunguka, seva iache kama ilivyo: tafuta kwenye ruta, laini au domeni. Kama kote haifunguki, anza na umeme na seva. Na kama kwa data inafunguka ila ukiwa nyumbani ukiandika jina la domeni haifunguki, hakuna kilichoharibika. Ruta nyingi za nyumbani hazijui kumtoa mtu nje kisha kumrudisha ndani kwa anwani ileile ya nje. Andika jina la domeni na anwani ya ndani kwenye faili la `/etc/hosts` la kompyuta yako, au endelea kutumia data ukitaka kuona wanachokiona wageni.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na uandike kwenye daftari ulichobadilisha. Kabla ya kuhariri faili lolote la mipangilio, linakili: `sudo cp faili.conf faili.conf.zamani`.

## Umeme umerudi, tovuti haijarudi

Hili ndilo linalosumbua zaidi hapa mjini, na sababu yake haiwi moja. Kwa seva, LUKU iliyoisha saa nane usiku haina tofauti na mkato wa mtaa mzima.

Sababu ya kwanza ni huduma ambayo haikuamriwa kuwaka yenyewe. Iliwashwa kwa mkono siku ya kwanza, ikafanya kazi miezi mitatu, umeme ukakatika. Angalia kwa `systemctl is-enabled nginx`. Jibu likiwa `disabled`, andika `sudo systemctl enable --now nginx`. Fanya hivyo kwa kila huduma ambayo tovuti inaitegemea, hasa hifadhidata.

Ya pili: ruta imeipa seva anwani mpya ya ndani. Jana ilikuwa 192.168.1.50, leo ni 192.168.1.53, na ruta bado inawapeleka wageni kwenye 50. Andika `ip a` kwenye seva ulinganishe. Dawa ya kudumu iko kwenye ruta, sehemu ya DHCP inayogawa anwani: funga anwani moja kwa namba ya MAC ya seva, ile iliyotoka nayo kiwandani.

Ya tatu: seva imewaka kabla ya ruta kupata intaneti. Ruta nyingi huchukua dakika moja mpaka tatu kusimama. Kama mipangilio ya nginx inataja seva nyingine kwa jina, nginx ikishindwa kulitafsiri jina hilo wakati wa kuwaka hugoma kabisa, na ukisoma `journalctl -u nginx -n 50` utaona `host not found in upstream`. Andika anwani ya IP badala ya jina, au iambie systemd, inayosimamia huduma za Linux, ijaribu tena kila baada ya sekunde 15 huduma inapoanguka.

Ya nne ni saa. Raspberry Pi 4 na zilizotangulia hazina betri ya saa. Pi 5 ina sehemu yake lakini betri hununuliwa pembeni. Umeme ukikatika saa sita, Pi hujiona iko palepale ilipozimia mpaka ipate saa sahihi kutoka mtandaoni. Saa ikiwa nyuma, vyeti hukataliwa na miunganisho hufeli bila maelezo yanayoeleweka. Andika `timedatectl`, unataka kuona `System clock synchronized: yes` na `Africa/Dar_es_Salaam`.

Ya tano ndiyo inayouma: kadi ya SD imeumia. Dalili zake ni hizi. Seva inawaka, ukurasa wa zamani unafunguka, lakini huwezi kuhifadhi chochote na kila amri inajibu `Read-only file system`. Andika `dmesg | grep -iE "mmc|ext4|I/O error"`. Mistari ya `I/O error` ikiwa mingi, usiendelee kuiwasha na kuizima ukidhani itapona. Kila jaribio linaweza kuondoka na mafaili mengine. Zima, chomoa kadi, iweke kwenye kompyuta nyingine yenye Linux, nakili kila kinachosomeka, ndipo ujaribu `sudo fsck` kwenye kadi ambayo haijafunguliwa na mfumo. Kadi iliyofikia hapo haiaminiki tena hata ikikubali.

Unaponunua kadi mpya, Kariakoo au popote, ijaribu kabla ya kuiamini. Zipo kadi zinazojitangaza kuwa na GB 64 huku ndani zina 8, na hazitasema mpaka siku utakapopita GB ya nane. Programu iitwayo f3 huzifichua: `f3write /media/kadi` kisha `f3read /media/kadi`. Ikisema kuna sekta zilizopotea, rudisha dukani siku hiyohiyo ukiwa na risiti. Kama mfuko unaruhusu, hamia kwenye SSD ya USB. Inavumilia maandishi ya kila dakika kuliko kadi.

Kuhusu kinga: laptopu ya zamani yenye betri inayoshika hata saa moja tayari ina UPS yake, yaani betri ya kushika umeme ukikatika. Kwa Pi na ruta, hesabu ni rahisi. Pi 4 hula takribani wati 5 ikiwa na kazi nyepesi, ruta wati 10 hivi, jumla 15. UPS ndogo ya ruta iliyoandikwa 10,000 mAh, kwa betri za volti 3.7, ina wati-saa 37. Ondoa zinazopotea njiani, zinabaki 30 hivi, yaani saa mbili. Muuzaji akikutajia mAh tu, mwulize wati-saa. Soma pia kibandiko cha ruta yako: ya volti 9 ukiipa 12 inaweza kuungua, na ncha ya plagi iliyogeuzwa chanya na hasi huleta madhara yaleyale.

Umeme ukirudi, usiharakishe kuchomeka. Mara nyingi unaporudi hupanda na kushuka kwanza, kwa hiyo vifaa vichomekwe nyuma ya kilinda friji chenye kuchelewesha dakika tatu au zaidi.

Acha, ita fundi umeme kama ukigusa bodi ya chuma ya kompyuta unahisi mtekenyo au shoti, kama soketi ina harufu ya plastiki iliyoungua, au kama taa za nyumba hung'aa kupita kawaida kila umeme unaporudi. Hapo huenda tatizo ni waya wa ardhi au wa nyutro. Volti 230 si za kujaribia. Betri ya laptopu iliyovimba nayo isichajiwe, isitobolewe, isikandamizwe kurudi mahali pake.

## Ndani inafunguka, nje haifunguki

Kwa anayetumia ruta ya laini ya simu, ya 4G au 5G, anza kwa kushuku kitu kimoja: huna anwani yako mwenyewe ya nje. Anwani za IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, ni chache, kwa hiyo kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Wewe unaweza kutoka, wageni hawawezi kuingia, na mipangilio ya ruta hata uibadilishe vipi haitasaidia.

Kuthibitisha ni kazi ya dakika moja. Fungua ukurasa wa hali ya ruta, soma anwani ya WAN, yaani ya upande wa nje. Kisha kwenye seva andika `curl -4 ifconfig.me`. Zikifanana, una anwani yako. Zikitofautiana, na ile ya WAN ikaanza na 10 au ikawa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, uko nyuma ya anwani ya pamoja. Fungu hilo la 100.64 lilitengwa rasmi mwaka 2012 kwa kazi hiyo.

Njia za kutoka ni tatu. Omba mtoa huduma akupe anwani ya umma. Mara nyingi hupatikana kwenye vifurushi vya ofisi au vya nyuzi (fiber), kwa malipo ya ziada. Au tumia IPv6, mfumo mpya wenye anwani tele, kama laini yako inayo, ukijua kwamba wageni wasio na IPv6 hawatakuona. Au kodi seva ndogo sana yenye anwani ya umma, uiunganishe na ya nyumbani kwa WireGuard, programu ya kutengeneza handaki la siri kati ya kompyuta mbili: mgeni anagonga mlango wa kule, ujumbe unapita ndani ya handaki mpaka nyumbani. Mafaili yanabaki kwako. Huko nje unakodi mlango tu, na ukigombana na mwenye mlango unahamia kwingine kwa saa moja bila kupoteza ukurasa hata mmoja.

WireGuard nayo ina magonjwa yake mawili. La kwanza ni handaki linalolala: linafanya kazi ukiwa unalitumia, ukiliacha nusu saa wageni hawaingii. Ruta ya njiani imesahau muunganisho. Weka `PersistentKeepalive = 25` upande wa nyumbani, kisha andika `sudo wg show`; mstari wa `latest handshake` ukizidi dakika tatu, handaki limekatika. La pili huwachanganya hata wazoefu: kurasa ndogo zinafunguka, kubwa zinaanza kisha zinaganda. Hapo vipande vya data vinavyotumwa ni vikubwa kuliko njia. Weka `MTU = 1280` kwenye sehemu ya `[Interface]` pande zote mbili, zima na kuwasha handaki, jaribu tena.

Ujue pia kwamba Oktoba 2023 TCRA, mdhibiti wa mawasiliano, ilitoa tangazo la kuwataka wanaohitaji VPN katika shughuli zao watoe taarifa kwake. Handaki la WireGuard ni VPN. Uliza utaratibu uliopo kabla hujaliwasha.

Mahali pa kukodi mlango huo pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikayumba nchi nzima. Siku kama hiyo, mlango wako ukiwa Ulaya, jirani yako wa Sinza hakuoni japokuwa seva iko mita mia kutoka kwake, kwa sababu ombi lake lazima livuke bahari mara mbili. Ukipata mlango ndani ya nchi, kwa kampuni iliyounganishwa na TIX, kituo cha Dar es Salaam ambako watoa huduma hubadilishana data bila kutoka nje, safari hiyo haihitajiki.

Kama una anwani yako ya umma na bado haifunguki, angalia haya kwa mpangilio:

1. Anwani ya umma imebadilika. Laini nyingi hubadilishiwa kila ruta inapowaka upya. Linganisha `curl -4 ifconfig.me` na `dig +short jinalako.me.tz`. Zikitofautiana, weka programu ya kusasisha rekodi yenyewe, mfano ddclient, na ushushe TTL, muda ambao rekodi hukumbukwa huko nje, iwe sekunde 300.
2. Ruta haielekezi poti 80 na 443, milango ya http na https, kwenye seva, au inaelekeza moja tu.
3. Ukurasa wa usimamizi wa ruta wenyewe umekalia poti 80. Ukifungua anwani yako ya umma kwa data ukaona ukurasa wa kuingia kwenye ruta, ufunge kwa watu wa nje mara moja, kisha ubadilishe nywila.
4. Ukuta wa moto wa seva. `sudo ufw status` ionyeshe 80/tcp, 443/tcp na ile ya SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali. Kama unataka kuuwasha ufw kwa mara ya kwanza ukiwa mbali, ruhusu SSH kwanza, la sivyo utajifungia nje.

Ukikwama kabisa, sikiliza mlangoni. Andika `sudo tcpdump -ni any tcp port 443`, kisha fungua tovuti kwa simu yenye data. Mistari ikianza kutiririka, ujumbe unafika na kosa liko ndani ya seva. Kukiwa kimya kabisa, ujumbe unazuiwa kabla haujakufikia: ruta au mtoa huduma. Kipimo hiki kimoja huamua mabishano mengi kati ya mteja na dawati la huduma, wasomee ulichokiona.

Acha hapa kama taa ya LOS kwenye kifaa cha nyuzi inawaka nyekundu. Usiufungue waya wa nyuzi, usiukunje, na usichungulie ncha yake. Mwanga wake hauonekani lakini unaweza kudhuru jicho. Hiyo ni kazi ya fundi wa mtoa huduma.

## Jina halipatikani, au linafungua kitu kingine

Kosa la kawaida ni domeni iliyoisha muda. Andika `whois jinalako.me.tz` usome tarehe ya kuisha. Malipo ya kila mwaka yakifungwa kwenye kadi ya mtandaoni inayojazwa kwa pesa za simu, siku ya makato kadi huwa tupu, na barua ya onyo imetumwa kwenye anwani usiyoifungua. Lipia miaka miwili au zaidi mapema.

Domeni za .com na nyingine za kimataifa zina mtego mmoja zaidi: usipothibitisha barua pepe ya usajili ndani ya siku 15, msajili analazimika kuisimamisha. Wengi hudhani wamevamiwa, kumbe ni kiungo ambacho hakikubonyezwa.

Inayofuata kwa wingi ni domeni isiyo yako. Uliyemlipa akutengenezee tovuti aliisajili kwa jina lake na barua pepe yake, sasa hapokei simu. Kwa hali hii hakuna amri ya kompyuta itakayokusaidia. Tafuta risiti na ujumbe wa makubaliano, mwandikie msajili, na ikibidi mtafute mwanasheria. Leo hii, kabla ya kuendelea kusoma, hakikisha domeni yako ina jina lako na barua pepe unayoishika mwenyewe, isiyotegemea domeni hiyohiyo.

Kama tovuti inafunguka kwa baadhi ya watu na kwa wengine hapana, tazama rekodi ya AAAA: `dig AAAA +short jinalako.me.tz`. Mara nyingi kuna anwani ya IPv6 ya seva ya zamani iliyosahaulika. Simu zenye IPv6 zinaelekea huko, laptopu ya nyumbani inaelekea kwako. Ifute. Na kama umebadilisha rekodi leo, linganisha `dig @1.1.1.1 jinalako.me.tz` na `dig @9.9.9.9 jinalako.me.tz`, majibu yakitofautiana subiri TTL ya zamani iishe, usiendelee kuhariri.

## Kivinjari kinasema si salama

Vyeti vya Let's Encrypt hudumu siku 90, na certbot, programu inayoviomba, kwa kawaida huanza kuvihuisha zikibaki 30. Tangu Juni 2025 Let's Encrypt haitumi tena barua pepe za kukumbusha, kwa hiyo mwenye seva ndiye mlinzi. Soma tarehe halisi inayotolewa kwa wageni:

`echo | openssl s_client -connect jinalako.me.tz:443 -servername jinalako.me.tz 2>/dev/null | openssl x509 -noout -dates`

Tarehe ikiwa imepita, huku `sudo certbot certificates` ikionyesha cheti kipya, nginx bado imeshika cha zamani: `sudo systemctl reload nginx`. Kuzuia isijirudie, ongeza amri hiyo kama `deploy-hook` kwenye mipangilio ya certbot.

Kama cheti chenyewe hakijahuishwa, andika `sudo certbot renew --dry-run` usome kosa. Karibu kila mara ni poti 80 iliyofungwa, kwa sababu mtu aliona tovuti iko kwenye 443 akaona 80 haina kazi. Uhakiki wa kawaida hupitia 80. Ukiwa huna namna ya kuifungua, tumia uhakiki wa DNS.

Usibonyeze kujaribu tena na tena kwa hasira. Uhakiki tano ukifeli ndani ya saa moja kwa jina moja, unazuiwa kwa muda. Vyeti vitano vya majina yaleyale ndani ya siku 7 navyo ndio mwisho. Jaribu kwa `--dry-run` mpaka ikubali, ndipo uombe cha kweli.

Ikifunguka kwenye laptopu na kukataa kwenye simu, hakikisha nginx inasoma `fullchain.pem`, si `cert.pem`. Simu za Android zilizo chini ya 7.1.1 zitakataa hata hivyo, maana hazina cheti mama cha sasa. Mpaka 2025 mwenye simu hiyo aliweza kutumia Firefox, ambayo hubeba orodha yake; matoleo mapya hayakubali tena simu hizo.

## 403, 404, 502

Hizi ni namba za makosa ambazo kivinjari huonyesha. 403 baada ya kuhamisha mafaili: nginx hairuhusiwi kupita kwenye folda. Ubuntu za kuanzia 21.04 hufunga folda za `/home` kwa watu wengine. Hamishia tovuti `/var/www` badala ya kufungua nyumba nzima. `namei -l` ikifuatiwa na njia ya faili itakuonyesha folda iliyofungwa.

404 kwa picha zilizokuwa zikionekana kwenye kompyuta yako: Linux hutofautisha `Picha.JPG` na `picha.jpg`, Windows haitofautishi. Andika majina yote kwa herufi ndogo, bila nafasi.

502: programu iliyo nyuma ya nginx imezima. Angalia hali yake kwa `systemctl status`, kisha `df -h`. Diski iliyojaa asilimia 100 huangusha hifadhidata kabla ya kitu kingine; `sudo journalctl --vacuum-size=200M` hukupa pa kupumulia.

## Ng'ombe amegeuka ngâ€™ombe

Kiswahili kina ritifaa kwenye ng'ombe, ng'ambo, ng'aa, na hapo ndipo kosa la herufi hujitokeza kwanza. Simu nyingi hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Iliyopinda huhifadhiwa kwa baiti tatu katika UTF-8, mfumo wa kisasa wa kuhifadhi herufi, na kivinjari kikidhani faili ni la mfumo wa zamani wa Windows, hukuonyesha alama tatu badala ya moja.

Weka `<meta charset="utf-8">` mwanzoni kabisa mwa `<head>`, ndani ya baiti 1024 za kwanza. Ongeza `charset utf-8;` kwenye mipangilio ya nginx, kwa sababu neno la seva hushinda la ukurasa. Kama bado, pima faili kwa `file -i index.html`, likiwa si UTF-8 ligeuze kwa `iconv`. Kama alama mbovu zimo ndani ya faili lenyewe, limeshageuzwa vibaya na kuhifadhiwa. Rudisha nakala ya zamani badala ya kuligeuza tena.

Ukiwa hapo hapo, andika `<html lang="sw">`. Bila hiyo, vivinjari hukisia lugha, na programu za kuwasomea wasioona husoma Kiswahili chako kwa matamshi ya Kiingereza. Ni herufi chache tu, na zinamwezesha mtu kukusoma.

Mlisho wa RSS, faili linalowaarifu wasomaji kuhusu maandishi mapya, nao una ugonjwa wa lugha. Ukiwa umeuweka mfumo kwa Kiswahili, skripti yako inaweza kuandika siku kama Jumatatu, na visoma milisho vikakataa, kwa kuwa kanuni ya RSS inataka vifupisho vya Kiingereza: `Mon, 06 Jan 2025 08:00:00 +0300`. Tumia `LC_ALL=C date -R`. Sababu nyingine ya mlisho kukataliwa ni alama ya `&` iliyoachwa wazi; iandike `&amp;`.

## Inafunguka, lakini polepole

Kwa mgeni, kasi yako ya kupakua haina maana. Anategemea kasi yako ya kupandisha. Laini inayopandisha Mbps 2 hutoa kilobaiti 250 kwa sekunde. Picha moja ya MB 4 kutoka kwenye simu huchukua sekunde 16, na wageni wawili wakiingia pamoja muda huongezeka maradufu. Pia mgeni analipia picha hiyo kwenye bando lake.

Fanya hivi kwenye nakala za picha, si picha zenyewe:

`mogrify -auto-orient -strip -resize '1200x>' -quality 78 *.jpg`

Picha nyingi zitashuka chini ya kilobaiti 300. Neno `-strip` lina faida nyingine: hufuta GPS ambayo simu huiandika ndani ya picha. Bila kuifuta, picha ya maua ya barazani inamwambia kila mtu nyumba yako iko wapi.

Kama polepole hiyo huja mchana na kuondoka usiku, pima joto kwa `vcgencmd measure_temp`. Pi hujipunguza kasi kuanzia nyuzi 80, na chumba cha Februari chenye nyuzi 32 hakiachi nafasi kubwa. Itoe kabatini, iondoe juu ya friji. Kisha `vcgencmd get_throttled`: `0x0` ni safi, `0x50005` maana yake umeme ni mdogo sasa hivi, `0x50000`, uliwahi kupungua tangu iwake. Chanzo huwa chaja ya simu au waya mwembamba. Pi 4 inataka volti 5 ampia 3, Pi 5 ampia 5.

Kwa walio karibu na bahari, Kigamboni au Mbezi Beach, tazama pini za waya wa mtandao. Zikiwa na ukungu wa kijani, chumvi imeanza kuzila, na waya hukatika na kurudi bila mpangilio. Zima vyote, safisha kwa spiriti, na kichwa cha waya kikiwa kimeliwa kikate ufunge kipya.

## Logi imejaa wageni usiowajua

Maombi ya `wp-login.php` kwenye tovuti isiyo na WordPress ni kelele za kawaida. Kila anwani ya umma hugongwa hivyo usiku na mchana. Ingia kwa ufunguo wa SSH, hakikisha unafanya kazi kwenye dirisha la pili, ndipo uweke `PasswordAuthentication no`.

Hali ni tofauti kabisa ukiona mchakato usioujua unakula CPU yote kwenye `top`, mtumiaji mpya kwenye `/etc/passwd`, au ufunguo wa mtu mwingine kwenye `authorized_keys`. Acha kutengeneza. Chomoa waya wa mtandao, usifute kitu, usiingize nywila yoyote kwenye mashine hiyo. Ukiwa unahifadhi taarifa za watu wengine, hata majina na namba za simu za wateja wa fundi cherehani, ita mtaalamu wa usalama kwanza, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakugusa. Kama ni maandishi yako tu, toa diski, weka mfumo mpya kwenye diski nyingine, rudisha kurasa kutoka nakala iliyotangulia uvamizi, na ubadilishe kila ufunguo na nywila kutokea kwenye kompyuta nyingine kabla hujaurudisha waya mahali pake.